Jaji Isaac Parker wa Fort Smith: kiti alichokiomba mwenyewe, na mahakama isiyokuwa na rufaa

Mwanzisha mada

Wanajamvi, salaam.

Kila anapotajwa Jaji Isaac Parker, aliyeshika mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Magharibi ya Arkansas kuanzia 1875 hadi 1896, kinachofuata mara moja ni jina la utani la "Jaji Mnyongaji", na mjadala huishia hapo kwa kuwa kila mtu huona amekwisha kumjua. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona jina hilo linaficha jambo zito kuliko kitanzi chenyewe. Parker alikuwa mwanasiasa wa kawaida wa zama zake aliyekabidhiwa mahakama isiyo ya kawaida hata kidogo, na hali hiyo ya mahakama ilitokana na sheria zilizopitishwa na Bunge la Marekani. Nianze na namna alivyokipata kiti, maana ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio ili wafike kwenye mauaji.

Alizaliwa Oktoba 1838 katika kaunti ya Belmont, Ohio, akajisomea sheria, na mwaka 1859 akakubaliwa kuwa wakili. Akahamia St. Joseph, Missouri, mji ulio kando ya mto, ambako mjomba wake alikuwa na ofisi ya uwakili. Aliingia katika siasa akiwa mfuasi wa chama cha Democratic, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alisimama upande wa Muungano, akahamia chama cha Republican, na mwaka 1864 akawa mmoja wa wajumbe wa Missouri waliompigia Lincoln kura ya urais. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa jaji wa mahakama ya mzunguko ya jimbo, akaiacha kazi hiyo kabla ya muda wake kwisha ili agombee ubunge, akashinda, na akakaa katika Baraza la Wawakilishi kwa vipindi viwili, 1871 hadi 1875.

Katika Bunge alijishughulisha sana na habari za maeneo ambayo yalikuwa hayajawa majimbo. Aliwasilisha muswada wa kuwapa wanawake wa maeneo hayo haki ya kupiga kura na kushika vyeo, ambao haukupita, na alisikika mara nyingi akitetea fedha na ulinzi kwa makabila ya Wahindi Wekundu. Ninayataja haya kwa kuwa mtu anayemjua Parker wa kitanzi peke yake hamtambui akimsoma katika kumbukumbu za Bunge.

Kisha upepo wa siasa ukageuka. Missouri ilirudi mikononi mwa Democratic, na Parker akaona kwamba kipindi cha tatu hakipatikani. Chama chake kilimpendekeza kwa useneta, lakini zama hizo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na bunge la Missouri lilikuwa na wingi wa wapinzani, kwa hiyo nafasi ikaenda kwa Francis Cockrell. Hivyo Machi 1875 alikuwa mwanachama mwaminifu wa chama tawala, mwenye umri wa miaka 36, asiye na kazi. Rais Grant alitaka kumfanya jaji mkuu wa Eneo la Utah. Parker akaomba apewe badala yake kiti kilichokuwa wazi magharibi mwa Arkansas, na Grant akakubali. Jina lake lilipelekwa Seneti Machi 18, 1875, likathibitishwa kesho yake.

Kwa nini aikatae Utah? Sheria iliyounda eneo lile iliwapa majaji wake kipindi cha miaka minne tu, na mwenye kiti hicho alikuwa anaingia moja kwa moja katika ugomvi wa serikali na Wamormoni, waumini wa dhehebu lililotawala maisha ya Utah. Jaji wa wilaya ya shirikisho alishika kazi maisha yake yote maadamu hakuvunja uaminifu. Kwa mtu aliyekwisha kuonja kushindwa kura, naona uchaguzi huo hauhitaji maelezo marefu.

Kiti chenyewe kilikuwa wazi kwa sababu ya aibu. Mtangulizi wake, William Story, naye mteule wa Grant, alijiuzulu mwaka 1874 huku akiandamwa na tuhuma za rushwa na uendeshaji mbaya wa mahakama, na Bunge lilikuwa limekwisha kuanza kuulizana kama mahakama hiyo ivunjwe kabisa. Parker alifika Fort Smith, mji wa Arkansas yalikokuwa makao ya mahakama, mwanzoni mwa Mei, na Mei 10 akafungua kikao chake cha kwanza. Mwendesha mashtaka wa serikali aliyemkuta pale, William Clayton, alikuwa ndugu wa Powell Clayton, seneta wa Arkansas. Sisemi kwamba hilo peke yake ni kosa, ila linaonyesha vyeo vya wilaya ile vilikuwa karibu na nani.

Mwanzisha mada (inaendelea)

Sasa tuitazame mahakama. Wilaya ya Magharibi ya Arkansas ilikuwa na kaunti zake chache za jimbo, na juu yake ikabebeshwa Eneo la Wahindi Wekundu, nchi ya takribani kilomita za mraba 190,000 ambayo leo sehemu yake kubwa ni Oklahoma. Jaji alikuwa mmoja. Alisikiliza kesi siku sita kwa wiki, mara nyingi hadi giza likaingia, katika jengo lililokuwa bweni la askari, na chini yake palikuwa na vyumba viwili vya mahabusu vilivyojaa watu, uvundo na maradhi, ambavyo viliendelea kutumika hadi gereza jipya lilipojengwa mwaka 1888.

Katika kikao cha kwanza watu 18 walishtakiwa kwa mauaji na 15 wakatiwa hatiani. Wanane walihukumiwa kifo; mmoja aliuawa akijaribu kutoroka, mwingine akapunguziwa adhabu na Rais kwa ajili ya umri wake mdogo, na waliobaki sita, Wazungu watatu, Wahindi Wekundu wawili na Mweusi mmoja, walinyongwa kwa pamoja Septemba 3, 1875 mbele ya maelfu ya watazamaji na waandishi wa magazeti waliotoka miji ya mbali. Jina la utani lilianzia siku ile, na kwa miaka 21 iliyofuata hakuna takwimu iliyoweza kulifuta.

Takwimu zenyewe ni hizi. Kesi zilizopita mbele yake zilikuwa 13,490. Zilizoweza kuleta adhabu ya kifo zilikuwa 344. Waliohukumiwa kifo walikuwa 160, wanaume 156 na wanawake 4, na walionyongwa walikuwa 79, wote wanaume. Kwa maneno mengine, pungufu kidogo ya nusu ya waliosomewa hukumu ya kifo ndio walioifikia, na kesi zilizobaki zilihusu zaidi wizi wa farasi na ng'ombe, uuzaji wa pombe kinyume cha sheria, shambulio na mambo ya namna hiyo.

Kuna mambo mawili ya kisheria ambayo ndiyo kiini cha uzi huu. La kwanza ni kwamba sheria ya shirikisho ya wakati ule haikumwachia jaji uchaguzi: juri, yaani jopo la wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ikisema mtu ana hatia ya kuua kwa kukusudia au ya kubaka, adhabu ilikuwa kifo, na aliyeweza kuipunguza alikuwa Rais peke yake. La pili ni kwamba hapakuwa na rufaa. Katika wilaya nyingine za shirikisho kulikuwa na mahakama ya mzunguko juu ya mahakama ya wilaya, na kesi nzito iliweza kusikilizwa na majaji wawili, ambao wakitofautiana katika swali la sheria walilipeleka Mahakama ya Juu kule Washington. Fort Smith ilipewa mamlaka ya mahakama zote mbili, na yote yakawa kichwani mwa mtu mmoja. Jaji aliye peke yake hawezi kutofautiana na mwenzake. Hali hiyo ilidumu hadi sheria ya Februari 6, 1889 iliporuhusu kila aliyehukumiwa kifo na mahakama ya shirikisho apeleke shauri lake Mahakama ya Juu, nayo ikaanza kutumika Mei mwaka huohuo.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa mada, mkuu. Swali dogo: makabila ya Eneo lile yalikuwa na serikali zao, sheria zao na mahakama zao. Ilikuwaje basi watu wao wahukumiwe katika mji wa jimbo la jirani, na juri ya watu wa Arkansas?

Mwanzisha mada

Ndugu, umegusa penyewe. Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wacreek na Waseminole walikuwa kweli na mahakama zao, na kesi ya Mhindi Mwekundu dhidi ya mwenzake ilibaki huko. Lakini mahakama hizo hazikuruhusiwa kumgusa raia wa Marekani. Mzungu au Mweusi asiyekuwa raia wa kabila akiua, akiibiwa au akiuawa ndani ya Eneo, kesi ilikwenda Fort Smith. Baada ya reli kupita mwanzoni mwa miaka ya 1870, wageni waliingia kwa wingi, wengine bila kibali, na baadhi yao walichagua kuishi mle kwa sababu waliona hakuna sheria ya kuwafikia. Kwa hiyo yale mashtaka elfu nyingi yalitokana kwa sehemu kubwa na wavamizi. Parker mwenyewe alilisema hilo mara kwa mara, na viongozi wa makabila walikuwa na sababu ya kumwona kuwa kinga yao, ingawa, kama unavyosema, juri haikuwa na mtu wao.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kutukumbusha ile sheria ya 1889, lakini nahisi unamtetea jaji kwa kuulaumu muundo. Mimi ni wakili, na kwa macho ya kazi yangu Parker hahukumiwi kwa idadi ya walionyongwa, anahukumiwa kwa maelezo aliyowapa juri. Maelezo hayo yalikuwa marefu kupindukia, yalijaa hotuba juu ya utakatifu wa uhai na uovu wa wahalifu, na mara nyingi yalimwacha mshtakiwa bila utetezi wowote kabla juri haijaingia chumbani. Rufaa zilipofunguliwa, zaidi ya mashauri 40 ya adhabu ya kifo kutoka mahakama yake yalifika Washington, na takribani theluthi mbili ya hukumu hizo zilitenguliwa. Hakuna muundo unaoweza kubeba lawama ya theluthi mbili.

Chukua shauri la Hicks la 1893. Hicks, Mcherokee, alikuwapo wakati mwenzake aitwaye Rowe alipompiga risasi mtu aliyeitwa Colvard. Mashahidi walidai kwamba kabla ya risasi Hicks alimwambia Colvard avue kofia afe kiume. Parker aliiambia juri, kwa ufupi, kwamba kama maneno hayo yalimtia moyo muuaji basi aliyeyasema ni mshiriki wa mauaji. Mahakama ya Juu ikauliza jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza: je, aliyasema kwa nia ya kutia moyo? Athari ya neno si sawa na kusudi la msemaji, na Parker aliliacha kusudi nje. Shauri hilo bado linafundishwa.

Au chukua suala la kukimbia. Parker alikuwa na mazoea ya kuieleza juri kwamba mtu anayetoroka baada ya tukio amejifunga mwenyewe, na alitumia kile kifungu cha Mithali kisemacho kwamba waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu. Katika shauri la Hickory, Mcherokee aliyeshtakiwa kumuua naibu marshali (ofisa wa mahakama anayekamata washukiwa), Mahakama ya Juu ilitengua hukumu mara mbili, na mara ya pili, mwaka 1896, ilieleza wazi kwamba kukimbia ni jambo la kupimwa pamoja na mengine, maana hata asiye na hatia huweza kukimbia kwa woga au kwa kutokuwa na imani na haki atakayotendewa. Mtu wa kabila, mbele ya juri ya Arkansas, katika mji wenye jukwaa la kunyongea linaloonekana kutoka mahakamani, angekosaje sababu ya kukimbia? Henry Starr naye, aliyempiga risasi naibu aliyekuja kumkamata, alihukumiwa kifo Fort Smith mara mbili na mara mbili hukumu ikatenguliwa, ya kwanza mwaka 1894 na ya pili Januari 1897.

Mwanzisha mada

Wakili, sina ugomvi na uchambuzi wako wa mashauri hayo. Maelezo ya Parker kwa juri yalikuwa mabaya, na nikiyasoma naona mtu anayehutubia badala ya kueleza sheria. Nitakalopinga ni mpangilio wa sababu.

Tazama tarehe. Parker aliapishwa 1875 na rufaa zikafunguliwa 1889. Kwa miaka 14 alitoa maelezo yaleyale, kwa mtindo uleule, na hakuna jicho la juu lililoyapitia hata mara moja. Mwandishi wa mahakama aliyaandika, juri ikayatii, na kama Rais hakuona sababu ya huruma, mtu akapanda jukwaani. Ni jaji gani ambaye mazoea yake yasingekomaa katika hali hiyo? Katika wilaya nyingine makosa ya namna ile yangalikutana na jaji wa pili mapema, Parker akiwa bado kijana na anafundishika. Yalipokuja kurekebishwa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, mwenye sifa kitaifa, na amekwisha kuamini kwamba ukali wake ndio ukuta pekee kati ya watu wa Eneo na wauaji. Hilo halimwondolei lawama. Linaigawa, na sehemu kubwa naipeleka kwa Bunge, ambalo kila mwaka lilipitisha fedha za kuendesha mahakama ile likijua wazi kwamba watu wananyongwa bila ya kusikilizwa mara ya pili. Mashauri ya Hicks, Hickory na Starr yanajulikana kwa sababu yalikuja baada ya 1889. Ya kabla ya hapo ambayo yalikuwa na kasoro zilezile hayana majina katika vitabu vya sheria.

Ndiyo maana naona hasira yake ya miaka ya mwisho inaeleweka ingawa haikumpendeza jaji. Crawford Goldsby, aliyejulikana kama Cherokee Bill, alihukumiwa kifo kwa mauaji yaliyotokea katika uporaji wa duka huko Lenapah mwaka 1894. Utekelezaji ulisimamishwa kusubiri rufaa, na Julai 26, 1895, akiwa gerezani Fort Smith na bastola iliyoingizwa kwa siri, alimuua mlinzi aitwaye Lawrence Keating. Parker aliliambia taifa kupitia magazeti kwamba Mahakama ya Juu ilikuwa na sehemu katika damu ile kwa kuchelewesha adhabu kwa sababu za kiufundi. Mwaka 1896 akabishana hadharani, kwa barua zilizochapishwa, na msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jaji wa chini kujibizana magazetini na wakubwa wake ni jambo ambalo singependa kuliona likiigwa. Goldsby alinyongwa Machi 17, 1896.

Kuna shauri moja ambalo Parker alishinda na hakuishi kulisikia. Alexander Allen, kijana Mweusi wa umri wa miaka 14 au 15, alishtakiwa kumuua kijana Mzungu. Alihukumiwa kifo mara tatu. Mara mbili za kwanza Washington ilitengua, na mara ya tatu, Desemba 7, 1896, ikaafiki. Katika kesi hiyo juri ilikuwa imekwama, na Parker akawataka walio wachache wajiulize kama shaka yao ina msingi ikiwa wenzao wengi, wenye akili na uaminifu kama wao, wameona vingine. Maneno hayo yalikuwa yametoholewa kutoka shauri la zamani la Massachusetts, lakini leo mawakili wa Marekani huyaita kwa jina la Allen, na bado yanatumika katika mahakama za shirikisho, ingawa majimbo kadhaa yameyakataa kwa kuwa yanawashinikiza wachache.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mmezungumza juu ya jaji na sheria. Vipi kuhusu waliokuwa wakiwaleta washtakiwa? Nimewahi kusoma kwamba baadhi yao walikuwa Weusi, jambo lisilotarajiwa kwa Kusini mwa Marekani ya wakati ule.

Mwanzisha mada

Ni kweli. Marshali wa wilaya aliruhusiwa kuajiri manaibu wapatao 200, nao waliingia Eneo na gari la kukokotwa na farasi, mpishi, na rundo la hati za kukamata, wakarudi baada ya wiki kadhaa na wafungwa waliofungwa minyororo. Hawakuwa na mshahara. Walilipwa ada kwa kila hati na senti chache kwa kila maili, na mshukiwa akiuawa katika kukamatwa, ada ilipotea. Makumi kadhaa yao waliuawa kazini. Maarufu zaidi ni Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa Arkansas, akatorokea Eneo wakati wa vita, akajua lugha za wenyeji na njia zao. Hakujua kusoma, lakini alikariri hati zote kabla ya kuondoka na hakumkamata mtu kwa hati isiyo yake. Makabila mengi yalimwamini Mweusi anayeijua nchi yao kuliko Mzungu mgeni, na mahakama ilinufaika na hilo.

Mchangiaji wa pili

Nakubali hoja ya tarehe, mkuu, kwa sehemu. Lakini hujatueleza kilichoivunja mahakama yenyewe. Je, ni rufaa, au ni siasa?

Mwanzisha mada

Ni ardhi, wakili. Mwaka 1883 sehemu za Eneo zilihamishiwa mahakama za Kansas na Texas. Mwaka 1889 mahakama ya shirikisho ilifunguliwa Muskogee, ndani ya Eneo lenyewe, kwa makosa madogo kwanza. Mwaka 1890 upande wa magharibi ukawa Eneo la Oklahoma lenye mahakama zake. Walowezi walitaka mahakama karibu na mashamba, wafanyabiashara walitaka majimbo mapya, na sheria ya Machi 1, 1895 ikatamka kwamba ifikapo Septemba 1, 1896 Fort Smith haitakuwa na mamlaka yoyote juu ya Eneo. Makosa ya Parker yaliwapa wabunge hoja za kutamka, lakini hata jaji asiye na doa angepoteza nchi ile.

Mamlaka yalipokwisha alikuwa kitandani, mgonjwa wa moyo na figo. Katika siku hizo alimwambia mwandishi wa gazeti la St. Louis kwamba yeye mwenyewe angependa adhabu ya kifo ifutwe, mradi adhabu iwe ya uhakika, kwa kuwa kinachomzuia mhalifu ni uhakika huo kuliko ukali wake. Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa unafiki wa mtu anayekabili kaburi. Mimi nayaamini, kwa sababu yanalingana na alichokisema mahakamani kwa miaka mingi: kwamba hakumnyonga mtu, sheria ndiyo iliyomnyonga. Alifariki Novemba 17, 1896, akazikwa Fort Smith. Rais Cleveland alimteua John Henry Rogers, mbunge wa zamani wa Democratic, kujaza nafasi.

Kuhusu ile adhabu ya lazima, Bunge liliirekebisha kwa sheria ya Januari 15, 1897, miezi miwili baada ya kifo chake: tangu hapo juri iliyomwona mshtakiwa ana hatia ya mauaji iliweza kuongeza katika uamuzi wake maneno "bila adhabu ya kifo", na jaji akalazimika kutoa kifungo cha maisha badala ya kitanzi.